Karo ya Mei Hutafutwa Agosti: Mwongozo wa Pesa, Kazi na Watoto kwa Mzazi wa Lamu na Malindi

Mzazi wa miaka 45 anayefanya kazi Malindi, Watamu, Shela au Mokowe huwa amekabwa na mambo matatu kwa wakati mmoja. Mtoto mmoja anaingia sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) na mwingine anakaribia chuo. Wazazi wake wamezeeka na dawa haziishi. Na kazi yenyewe, iwe ya hoteli, ya kaunti, ya ualimu au ya bahari, imebakiza miaka 15 kabla ya kutimia 60. Mashauri mengi ya fedha yanayozunguka mitandaoni yameandikiwa mtu wa mshahara usioyumba. Pwani pesa huja na msimu, ilhali karo, kodi ya nyumba na dawa hazingoji msimu. Kwa hivyo kila uamuzi hapa, wa mkopo, wa shule au wa kuacha kazi, unaanzia kwenye karatasi moja ya miezi 12.

Karatasi ya mwaka

Lilaze daftari la hesabu, upige mistari upate safu 12, moja kwa kila mwezi. Juu andika kinachoingia, chini kinachotoka. Usijaze wastani. Andika pesa katika mwezi inapoingia mkononi kweli.

Mfanyakazi wa hoteli Malindi atakuta miezi yake minono ni Agosti, Waitaliano wanapokuwa likizoni, kisha katikati ya Desemba hadi Machi. Aprili hadi Juni ni masika. Hoteli nyingi hufunga au hubakisha askari, mtu wa bustani na fundi mmoja. Mvuvi na nahodha wa Lamu hupata nafuu wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi likishika kuanzia Mei, chombo kidogo hakitoki nje ya miamba kwa siku nyingi mfululizo. Mwalimu safu zake ni sawa mwaka mzima. Wa kaunti pia, ila aache nafasi kwa mwezi ambao mshahara unachelewa kwa sababu fedha kutoka Nairobi hazijafika.

Sasa matumizi. Anza na karo, maana hiyo ina tarehe na haina huruma. Kiwango cha serikali kwa shule za bweni zilizokuwa zikiitwa za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa bweni za ngazi iliyofuata 40,535. Hulipwa kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20. Kwa 53,554 ina maana Januari 26,777, muhula wa pili 16,066, na muhula wa tatu 10,711. Hapo hujanunua godoro, sanduku, sare, wala hujalipa boti ya kuvuka hadi Mokowe na basi la kwenda na kurudi, mara tatu kwa mwaka.

Tazama mafungu hayo yanavyoangukia misimu. Januari fungu ni kubwa, lakini hoteli imejaa na bahari inatoa. Fungu la Agosti ni dogo na wageni wapo. Linalowaangusha wazazi wa pwani ni hilo la kati, shilingi 16,066, kwa kuwa shule hufungua mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, mvua inanyesha, hoteli imefungwa na kusi limeingia. Ndiyo maana karo ya Mei huanza kutafutwa Agosti ya mwaka uliotangulia.

Usisahau Ramadhani na Idi. Hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo ule mwezi ambao futari ilikupa nafuu miaka mitatu iliyopita sio utakaoukuta mbele. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mapema Januari, pamoja na fungu kubwa la karo, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Mwenye mtoto aliye Gredi ya 6 au ya 7 leo aliandike hilo sasa.

Ukimaliza, jumlisha miezi ambayo matumizi yanapita mapato. Tuseme Aprili umepungukiwa na 9,000, Mei 25,000 na Juni 11,000. Jumla ni 45,000, na hicho ndicho kiwango cha akiba yako ya kwanza. Kanuni ya "miezi mitatu ya mshahara" ni ya watu wengine. Yako imetoka kwenye karatasi yako. Gawa kwa miezi mitano mizuri, yaani Agosti, Desemba, Januari, Februari na Machi, upate 9,000 kila mwezi. Ikikuwia nzito, basi umejua mapema kwamba shule uliyoichagua inakuzidi nguvu. Ni afadhali kulijua Oktoba kuliko mtoto kurudishwa nyumbani Mei.

Pesa hiyo usiiache kwenye M-Pesa ya kila siku. Na uangalie chama chako cha akiba: vyama vingi huvunja na kugawana Desemba, mwezi ambao wewe una pesa, halafu Mei hakuna kitu. Ikiwa ni chama cha mzunguko, omba zamu yako iwe Aprili. Wenzako wengi watakupa kwa furaha, kwa kuwa wao wanaitaka Desemba.

Mshahara unavyokatwa, na mkopo unavyopimwa

Wengi hukopa bila kuijua hati yao ya mshahara. Chukua mshahara wa 42,000. NSSF hukata asilimia 6, ambayo ni 2,520, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani 1,155. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 630. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza, ndipo kodi ya PAYE ihesabiwe kwenye kilichobaki, 37,695. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kilichobaki hapa asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, kodi ni kama 3,692. Unachopeleka nyumbani ni 34,003. Kama tarakimu zako ziko mbali na hesabu ya namna hii, muulize mhasibu, na uulize akiwa peke yake kwa adabu; mara nyingi ni kosa la mfumo ambao haukusasishwa.

Jambo la pili ni kuhakikisha kilichokatwa kimefika. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Toa taarifa yako ya NSSF angalau mara mbili kwa mwaka na uilinganishe na hati za mshahara. Pengo la miezi minne ukiligundua mapema, barua moja hutosha. Ukiligundua baada ya hoteli kubadili mwenyewe, unaanza kumsaka mtu aliyeondoka nchini.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa wa 42,000, ni lazima zibaki 14,000. Mkopeshaji akikuambia "unastahili", maana yake ni kwamba amekata hadi ukabakiwa na 14,000. Hajaiona karatasi yako ya Mei. Kipimo chako kiwe hiki: rejesho la mwezi liweze kulipika katika mwezi wako mbaya kuliko yote, bila kugusa akiba ya karo. Kama halilipiki Mei, mkopo ni mkubwa mno, hata kama Januari ungelipa mara mbili.

Sasa linganisha bei. Laki moja kutoka Sacco kwa asilimia 1 ya salio linalopungua, miezi 12, ni rejesho la 8,885 kwa mwezi na riba ya jumla ya shilingi 6,619. Asilimia hiyo 1 ikihesabiwa kwenye laki nzima kila mwezi bila kupungua, riba ni 12,000. Kwa hivyo swali la kwanza mezani kwa ofisa wa mikopo ni: salio linapungua au halipungui? Mkopo wa simu wa asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiuviringisha mwaka mzima kwa laki hiyohiyo, unakula 90,000. Watu hawakopi laki kwa simu, ni kweli. Hukopa 3,000 leo na 5,000 wiki ijayo, na bei yake ni ileile.

Sacco kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, lakini inataka wadhamini, na hapa ndipo wazazi wa makamo wanaponaswa. Ukimdhamini mwenzako kwa 50,000, akiba yako ya 50,000 imefungwa hadi amalize, na ukitaka kujitoa hutaipata. Jiwekee kiwango: jumla ya dhamana zako zote isizidi robo ya akiba yako, na usimdhamini mtu wa kibarua cha msimu kwa mkopo wa miaka mitatu. Kumkatalia jamaa ni kugumu. Njia yenye heshima ni kumchangia kiasi unachoweza kukipoteza, ukaachana na sahihi.

Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na Sacco kadhaa zina dirisha la aina hiyo. Murabaha hufaa kununulia kitu chenye ankara, kama mashine ya boti, jokofu au mabati: benki hununua, kisha hukuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo. Uliza bei yote ya mwisho kwa shilingi, uliza nani analipa bima na usafirishaji hadi kisiwani, na uliza kinachotokea ukichelewa. Kwa karo njia hii ni finyu. Kwa hivyo anayekwepa riba anahitaji karatasi ya mwaka kuliko jirani yake.

Shule: uamuzi wa Gredi ya 9 huanza Gredi ya 6

Wazazi waliozoea KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho 2023, bado wanangoja mtihani mmoja wa mwisho. Mfumo wa sasa hauko hivyo. Katika alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10, tathmini ya Gredi ya 6 ina asilimia 20, kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mtoto aliyekosa kazi za mradi kwa sababu hakuwa na karatasi za manila au pesa za kuchapisha amepoteza alama ambazo hazirudi. Tenga kiasi kidogo cha vifaa kila mwezi, ukimkabidhi mtoto mwenyewe akiandike kwenye daftari lake.

Sekondari pevu ina njia tatu: sayansi, teknolojia na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Kabla ya kujaza chaguo, nenda shuleni ukajionee. Kwa njia ya sayansi, omba kuoneshwa maabara. Angalia kama mabomba ya maji yanatoa maji, kama meza zina gesi, kama chupa za kemikali zina tarehe za karibuni. Uliza walimu wa Fizikia na Kemia ni wangapi, na wangapi wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Shule yenye jina kubwa lakini isiyo na mwalimu wa somo analolitaka mwanao haimfai.

Suala la bweni au kutwa lina uzito wa pekee Lamu. Mtoto wa Mkomani au Langoni akisoma kutwa kisiwani, unaokoa bweni, nauli na godoro, naye anabaki karibu na madrasa yake na nyumbani. Mtoto wa Faza, Kiunga au Kizingitini huenda hana budi kulala shuleni. Kwa maoni yetu, kutwa nzuri iliyo karibu, pamoja na masomo ya ziada ya hisabati, inashinda bweni la kati lililo mbali linalolipwa kwa mkopo. Wengi hutumia bweni kwa heshima mbele ya watu. Heshima hiyo hulipwa miezi 36.

Mweleze mtoto hesabu. Wa miaka 14 anaweza kuketi na karatasi ya mwaka na kuona kwa nini Mei hakuna viatu vipya. Usimpe habari ya madeni ya jamaa wala ugomvi wa wakubwa. Mpe tarakimu za karo, nauli na chakula, umuulize yeye angepunguza wapi. Asiyeambiwa chochote hudhani mzazi anamnyima, na aliyetishwa kwa madeni huanza kufikiria kuacha shule akafanye kibarua cha boti.

Chuo kikifika, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha mwanafunzi kwa asilimia 4 kwa mwaka, na vyuo vya ufundi pia vimo. Deni hilo ni la mtoto, atalilipa akipata kazi. Hakuna mfuko wa serikali utakaokukopesha wewe ukiwa na miaka 68 ili ule. Kwa sababu hiyo tunasema bila kusita: pesa ya uzeeni isilipe karo ya chuo. Mzazi aliyemaliza akiba yake kumsomesha kifungua mimba humgeukia huyohuyo kwa kodi ya nyumba, wakati yeye naye anaanza maisha.

Kukaa kazini, kuachishwa, au kuondoka mwenyewe

Hapa tofauti ya neno moja kwenye barua huweza kuwa laki tatu, basi soma polepole.

Mwajiri akikuondoa kwa sababu nafasi yako haihitajiki tena, Sheria ya Ajira inamtaka akupe notisi ya mwezi mmoja, amjulishe ofisa wa kazi, alipe likizo ulizolimbikiza, na alipe fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa wa 42,000 aliyekaa miaka 14, ukigawa mwezi kwa siku 30, siku moja ni 1,400. Siku 15 ni 21,000. Mara 14 ni 294,000. Ongeza notisi, 42,000. Kodi hukatwa, lakini bado ni pesa ya maana. Ukijiuzulu mwenyewe, ile 294,000 haipo. Na kwa kuwa umechangia NSSF, hakuna malipo mengine ya utumishi ya kuifidia.

Kwa hivyo hoteli inapoyumba, baadhi ya mameneja huwashauri wakongwe waandike barua za kujiuzulu "ili warudishwe msimu ujao". Usiandike siku hiyo. Sema utajibu baada ya siku mbili, uende na hati zako kwa ofisa wa kazi au kwa chama cha wafanyakazi. Ukipewa likizo isiyo na malipo ya Aprili hadi Juni, iwe kwa maandishi yenye tarehe ya kurudi na maneno kwamba utumishi wako haukatiki. Sheria haijampa mwajiri likizo hiyo kama haki. Ni makubaliano, na makubaliano yana masharti ya pande mbili. Vibarua nao wajue: aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Madai ya ajira huisha nguvu baada ya miaka mitatu, basi weka nakala za hati za mshahara, picha za ratiba za zamu na jumbe za msimamizi.

Anayetaka kuondoka kwa hiari aanze na cheti. Pwani ina wapishi, mafundi umeme na maseremala wa miaka 20 ambao hawana karatasi hata moja. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, una daraja la III, la II na la I, na mwenye uzoefu anaweza kuufanya bila kurudi darasani miaka miwili. Nahodha wa boti ya abiria anahitaji leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya. Karatasi hizo ndizo zinazokutoa kwenye kibarua. Gati la kwanza la bandari ya Lamu pale Kililana lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo ahadi za kazi zimekuwa nyingi kuliko kazi. Acha ajira yako ukiwa umeshika barua yenye sahihi na tarehe ya kuanza. Anayekuomba pesa ili akupatie nafasi ni mwizi, awe jamaa au mgeni.

Biashara ijaribiwe ukiwa bado kazini. Una siku 21 za likizo kwa mwaka. Zitumie katika msimu mbaya, kwa sababu biashara iliyojaribiwa Januari itakudanganya. Tuseme unataka boti ya kubeba wageni Shela na Manda. Kodisha ya mtu Mei, upige hesabu. Mashine ya viharusi viwili inayotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1 hula mililita 400 za oili kwa kila lita 20 za petroli; iandike oili kando, maana ndiyo hupunjwa, na mashine iliyopunjwa oili hukwama. Kila jioni inatakiwa isafishwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Mchirizi wa maji unaotoka nyuma ukipungua, feni ya mpira ya pampu imeanza kuisha, na nahodha anayeendelea kuendesha ili amalize safari anaweza kuunguza mashine nzima. Chombo chenyewe kipandishwe pwani, kikalafatiwe, kipakwe rangi. Majaketi ya kuokolea yawe sawa na idadi ya abiria. Katika kila shilingi 100 zinazoingia, toa mafuta na baharia, kisha tenga angalau 15 za kununulia mashine ijayo. Wengi hula hizo 15, wakaona biashara inalipa kwa miaka mitatu, kisha mashine ikafa na mtaji haupo.

Ondoka ukiwa na vitu vitatu: akiba ya pengo la mwaka mzima wa kwanza kwa mujibu wa karatasi yako, madeni ya simu yakiwa sufuri, na vifaa vya biashara vimeshalipiwa. Pensheni isihesabiwe humo.

Miaka 15 iliyobaki

Shilingi 3,000 kila mwezi kuanzia miaka 45, tukichukulia faida ya asilimia 8 kwa mwaka, hufika kama 1,038,000 ukitimia 60. Ukianza na 50, unapata kama 549,000. Asilimia 8 si ahadi ya mtu yeyote, lakini tofauti ya miaka mitano itabaki kubwa hata faida ikishuka. Uliza mwajiri wako kama ana mpango wa pensheni juu ya NSSF. Michango hadi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi. Ukibadili kazi, hamishia akiba kwenye mpango mpya. Kuichukua ili kumalizia ghorofa ndilo kosa tunaloliona likiumiza watu kuliko mengine yote.

Wazee, na nyumba ya urithi

SHA yako inakuhusu wewe, mwenzi wako na watoto. Baba na mama hawamo. Wasajiliwe wenyewe kwa *147# au ofisini kwa alama za vidole, na mchango wao ulipwe. Wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Iandike kwenye safu ya Februari. Ndugu wakiwa wanne ni 900 kila mmoja kwa mzee mmoja, na ni rahisi kukusanya kabla ya ugonjwa kuliko kuchangishana usiku mko hospitalini.

Mtego mkubwa wa mtu wa Lamu ni nyumba ya mawe ya familia. Mjomba amekuruhusu, mama ameridhia, nawe unachukua mkopo wa Sacco upandishe ghorofa juu ya nyumba ambayo mirathi yake haijagawanywa tangu afe babu. Siku ya kugawa, ghorofa yako huweza kuhesabiwa kama sehemu ya nyumba, na wewe umebaki na marejesho. Kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, pelekeni mirathi kwa Kadhi, mpate hati ya mgawo, na makubaliano ya ndugu wote yaandikwe, wakiwemo dada walioolewa na walio Mombasa na Ughaibuni. Kwa Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ujenzi unahitaji pia idhini. Ukijenga bila hiyo unaweza kuamriwa ubomoe kwa gharama yako. Malindi tatizo ni la mashamba yasiyo na hati miliki: fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, kwa namba ya kiwanja, usitegemee nakala ya muuzaji.

Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, na si kwa mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie. Asiye Mwislamu aandike wosia mbele ya mashahidi wawili ambao si warithi. Kila mmoja aache orodha ya madeni anayodai na anayodaiwa, namba za Sacco, NSSF na benki, pamoja na fomu za mteule. Fomu hizo zina kawaida ya kubeba jina la aliyeandikwa kazini miaka 20 iliyopita: mke aliyeachwa, kaka aliyefariki, au mama pekee hali una watoto wanne. Nenda Sacco, pensheni na NSSF, omba kuiona fomu iliyomo kwenye faili, ibadilishe siku hiyohiyo, na uondoke na nakala yenye muhuri.